Mwaka Aliosomea Baba Ucheshi wa Kiingereza

Sisi tuliokulia Lewisham, kusini mwa London, enzi ambazo nyumba nzima ilikuwa na televisheni moja tunajuana hata tusipoambiana. Tunajuana kwa jinsi tunavyokaa kwenye kochi. Tunabanana upande mmoja hata kochi likiwa tupu, maana mwili bado unakumbuka kwamba Baba anakuja kukaa. Kwetu tulikuwa wanne, Baba, Mama, mimi na mdogo wangu Rehema, katika nyumba nyembamba iliyoshikana na za majirani kushoto na kulia. Sebule ilinukia maharage ya tui la kopo, mafuta ya nywele, na makoti ambayo hayakuwahi kukauka sawasawa. Nje kulikuwa na ile mvua ya huku, isiyonyesha wala kukoma.

Shuleni Jumatatu asubuhi hakuna aliyekuuliza kama umefanya hesabu. Uliulizwa kama umetazama. Wavulana walirudia maneno ya jana mstari kwa mstari, na aliyekosa kipindi alisimama kando akicheka kwa kufuatisha, kama mgeni anayelia msibani kwa sababu wenzake wanalia. Siku hizi wanangu wananiambia wana shinikizo la rika. Sisi tulikuwa nalo pia, tena lilikuwa na saa maalumu, na ukichelewa chooni limekupita, halirudiwi mpaka mwakani.

Vichekesho vilikuwa vya aina mbili, na nyumba yetu ilikuwa imegawanyika.

Mama, mimi na Rehema tulikuwa wa Wamarekani. Vichekesho vyao vilikuwa na watu wenye meno mazuri, sebule kubwa ambayo hakuna aliyeonekana akiifagia, na friji pana kama kabati la nguo. Majirani waliingia bila kupiga hodi na hawakufukuzwa. Waligombana, wakafoka, wakanuna, lakini dakika chache kabla ya mwisho muziki laini ulianza, mmoja akaomba radhi, wakakumbatiana. Mama alilipenda sana lile kumbatio. Alikuwa akiacha sindano yake hewani, akasema, "Mnaona watu wanavyosameheana? Si kama baba zenu wadogo kule Tanga."

Baba alikuwa wa Waingereza. Katika vichekesho vyao kulikuwa na bwana mmoja wa makamo, ana sweta, ana cheo kidogo na kiburi kikubwa. Kila wiki alipanga kupanda ngazi, kila wiki aliumbuka mbele ya watu walewale aliotaka kuwapendeza, na kipindi kiliisha akiwa palepale, ameshika kikombe cha chai. Hapakuwa na muziki wala radhi.

"Ndiyo imeisha?" Mama aliuliza kila wiki.

"Imeisha."

"Na yule bwana je?"

"Basi tena, Mama Mwanaidi. Ndivyo alivyo."

Mwanaidi ni mimi. Na nisiseme uongo, Baba hakuvitazama kwa sababu vilimchekesha. Alivitazama kwa sababu alikuwa na shida.

Baba aliendesha basi. Kwa miaka minane hakuwahi kukwaruza hata kioo cha pembeni. Aliamka kabla ya sisi sote, akapiga pasi shati la kazi mwenyewe kwa sababu Mama, alisema, hajui mistari ya pasi. Nafasi ya usimamizi ilipotangazwa pale gereji ya mabasi aliomba, akaitwa kwenye intavyuu, akakosa. Mkubwa wake alimwita pembeni akamweleza kwa upole kwamba kazi yake haina dosari, ila watu hawamzoei. Hacheki na wenzake. Msimamizi anatakiwa awe na ucheshi kidogo.

Alirudi nyumbani akakaa bila kuvua koti. "Wamesema sichekeshi," alimwambia Mama. Mama, ambaye alikuwa ameolewa naye miaka kumi na mbili, aliangalia sakafu.

Aliyemtafutia dawa ni Anko Harish. Huyu alikuwa Mhindi wa Mombasa, amestaafu udereva pale pale gereji, anakaa Harrow, upande wa pili wa London, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha sisi watoto. Alipanda treni mbili kuja kwetu Jumapili na mfuko wa chevda, vile vitafunwa vya Kihindi vya pilipili, na kanda za video alizorekodi mwenyewe.

"Sikiza bwana," alimwambia Baba. "Wewe dereva mzuri, lakini uso wako kama mlango wa benki. Waingereza wapenda mtu ajichekaye. Mtu akisema yeye hodari, wamchukia papo hapo. Akisema yeye hafai, wampa funguo."

"Lakini mimi nafaa," Baba alisema.

"Wajua wewe. Usiwaambie."

Basi Baba akaanza masomo. Alinunua daftari, akachora mstari katikati. Kila jioni aliyokuwa nyumbani tulinyimwa Wamarekani wetu, tukakaa kimya yeye akiandika. Upande mmoja aliandika maneno yaliyosemwa, upande wa pili sababu ya kucheka. Upande wa pili ulibaki mtupu kurasa nyingi. Mara aliniita mimi, mtoto wa miaka kumi na mmoja, nieleze. "Amesema hali ya hewa si mbaya, na paa limeezuliwa. Kinachochekesha ni nini, mwanangu? Paa?"

"Ni kwamba anajua ni mbaya, Baba."

"Sasa kwa nini asiseme?"

Mazoezi yakahamia mezani. Siku moja Mama alitoka zamu, alikuwa akitunza wazee katika nyumba yao ya matunzo, akasimama jikoni saa mbili nzima akipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Baba akaonja, akafuta mdomo, akasema kwa sauti ya kwenye kanda, "Si kibaya sana."

Mama alinyoosha mkono akachukua sahani. Hakuitupa. Alikula yeye, taratibu, amesimama, akimtazama. Baba alijaribu kumweleza kwamba kwa Waingereza hiyo ndiyo sifa ya juu kabisa. "Basi nenda ukale kwao," Mama akasema. Mimi na Rehema tulicheka mpaka tukatolewa mezani, na nafikiri hadi leo hicho ndicho kichekesho bora cha Kiingereza nilichowahi kukiona, ingawa Baba alilala na mkate na siagi.

Nafasi ikatangazwa tena. Safari hii Baba alienda amejiandaa. Alikuwa amekata nywele, amevaa tai ya harusi, daftari liko mfukoni. Sisi tulimsubiri na Mama dirishani kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Alirudi akitabasamu, jambo lililotutia wasiwasi, akatusimulia akiwa amesimama katikati ya sebule.

Walikuwa watatu nyuma ya meza. Walimuuliza, katika miaka yote hii barabarani, anajivunia nini zaidi? Baba akakumbuka masomo. Asijisifu. Ajishushe. Akaegemea kiti kama yule bwana wa sweta, akajibu, "Nadhani ni kwamba mpaka sasa bado sijaua abiria yeyote. Angalau sijaambiwa."

"Wakacheka?" Mama aliuliza.

"Mmoja alikohoa. Halafu wakaandika. Wote watatu waliandika, Mama Mwanaidi. Kwa muda mrefu."

Barua ilikuja baada ya wiki moja, na niliyeisoma kwa sauti ni mimi. Ilisema jopo limepata wasiwasi juu ya mtazamo wake kuhusu usalama wa abiria. Nafasi hakupata. Badala yake alikuwa amepangiwa mafunzo ya siku mbili ya udereva salama.

Baba aliikunja barua mara nne. Televisheni haikuwashwa siku hiyo, wala iliyofuata. Aliyahudhuria yale mafunzo siku zote mbili, akafundishwa na kijana aliyezaliwa yeye akiwa ameshapata leseni namna ya kutazama kioo kabla ya kuondoka kituoni. Alirudi na cheti. Sisi tuliokuwa tumezoea kumwona mtu akiaibika kila wiki kwa dakika thelathini tuligundua kwamba ikitokea nyumbani kwako haichekeshi hata kidogo, na haiishi baada ya dakika thelathini. Rehema alijaribu njia ya Kimarekani. Alimwendea Baba kwenye kochi akamkumbatia, akasubiri muziki. Baba akampapasa kichwa akamwambia akavae soksi.

Jumapili ya tatu Anko Harish akaja. Alikuwa amesikia habari kule gereji, na uso ulikuwa umemshuka. "Ndugu yangu, wanisamehe. Lakini hebu niambie, uliwaambiaje hasa?"

Baba hakutaka. Anko akambembeleza. Mwishowe Baba akasema yale maneno tena, kwa Kiswahili sasa, bila sauti ya kwenye kanda, kwa ule uso wa mlango wa benki: "Nimewaambia bado sijaua mtu."

Anko Harish aliziba mdomo kwa kitambaa. Mabega yakaanza. Alijizuia kwa heshima kadiri alivyoweza, kisha kikamtoka kicheko kikubwa mpaka miwani ikaanguka kwenye bakuli la chevda. "Kampuni ya mabasi! Wawaambia kampuni ya mabasi!" Baba alimkazia macho, amekasirika kweli. Mama aligeukia ukuta. Halafu nikaona mdomo wa Baba unacheza upande mmoja. Akasema, "Na walinipa cheti," na hapo akashindwa. Alicheka akashika meza. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, na machozi yalikuwa yakimtoka, na sijui hata leo kama yote yalikuwa ya kicheko.

Alipotulia alimwambia Anko, "Miezi yote hiyo nimekaa hapa nikidhani mimi ndiye ninayemtazama yule bwana wa sweta."

Kisa kilisambaa gereji. Madereva wenzake wakaanza kumwita kwenye meza yao, wakimtaka awasimulie, na yeye akasimulia bila kubadilisha uso, wakaumwa mbavu. Nafasi ilipotokea tena, mkubwa wake mwenyewe alimfuata akamwambia aombe, watu wanamzoea sasa, ana ucheshi wa ajabu. Baba alimshukuru akakataa. Alisema amezoea dirisha lake. Aliendesha basi mpaka akastaafu, na alichekesha watu kwa hiari yake tu.

Mama, kwa upande wake, aliomba uongozi wa zamu kule kwa wazee. Alipoulizwa anajivunia nini alisimama, akaweka mikono kiunoni kama wale wanawake wa sebule kubwa, akasema yeye ndiye bora kuliko wote waliomo humo. Akapewa. Alitamba nao mwaka mzima, mpaka tulipokuja kujua kwamba hakuna mwingine aliyeomba.

Leo nina nyumba yangu, si mbali na ile. Tuko wanne, na kila mmoja ana kioo chake cha simu. Vichekesho vyote vya dunia vimo mfukoni, vya Waingereza na vya Wamarekani, havina saa wala foleni ya choo. Binti yangu Salma, ana miaka kumi na minne, huchekea kwenye pembe ya kochi akiwa na vidude vya kusikilizia masikioni. Nikimuuliza anacheka nini, ananijibu kwa Kiingereza kwamba akinieleza haitachekesha. Pengine ni kweli. Sisi tulicheka pamoja mambo ambayo nusu yake hatukuyaelewa, na wao wanaelewa kila kitu, kila mtu peke yake.

Mwezi uliopita nilimlazimisha tutazame cha kwetu. Nilianza na cha Kiingereza. Baada ya dakika tano aliuliza kama yule bwana amewahi kupelekwa kwa daktari, maana anaonekana ana huzuni. Nikaweka cha Kimarekani. Alitazama kidogo, kidude kimoja kikiwa bado sikioni, akakunja uso.

"Who are those people?" aliuliza. "Wale wanaocheka. Hawaonekani."

Nikamwambia ni watu halisi waliokuwa wameketi studio siku ile, wamealikwa waje kutazama.

"Wako wapi sasa?"

"Wengine ni wazee. Wengi nadhani wameshakufa."

Kwenye kioo mtu aliingia bila hodi, na wale watu wakacheka wote kwa mara moja, ukumbi mzima. Salma akatoa na kidude cha sikio la pili, akaniomba nirudishe nyuma kidogo. Alitaka kusikiliza kama kuna mmoja kati yao aliyecheka peke yake.