Nimempinga mjomba mkutanoni

Leo nimemnyooshea mkono wa kupinga mjomba wangu, mbele ya wanachama wote wa klabu.

Naandika kwa haraka, samahanini nikikosea herufi.

Mie ni katibu wa timu yetu hapa Wawi. Mjomba ndiye mfadhili. Mishahara, jezi, hata glavu za kipa, vyote vyatoka mfukoni mwake. Leo kaja na pendekezo kwamba katiba ibadilishwe, awe mwenyekiti bila kupigiwa kura, na yeye peke yake ndiye awe anamteua kocha.

Kila mtu kainamia simu yake.

Mzee Hamadi, mwenyekiti wetu wa sasa, akauliza, "Nani hakubali?"

Nikanyoosha mkono. Peke yangu, jamani! Na huyu mjomba ndiye aliyenilipia chuo.

Mjomba akanitazama. "Hata weye, Riziki?"

"Nakuheshimu, Mjomba. Lakini timu ni ya wanachama."

Nahodha, ambaye mshahara wake watoka kwa mjomba, akanyoosha mkono wake. Wakafuata wengine, mpaka karibu ukumbi mzima. Pendekezo likaanguka.

Watu wakapiga makofi. Mjomba hata hakugomba. Kavaa kofia yake, kasema taratibu, "Haya. Jumamosi mna mechi Unguja. Nauli ya meli tafuteni wenyewe."

Akatoka.

Mama kanipigia mara tatu, sijathubutu kupokea. Na wachezaji nao wananiuliza mmoja mmoja, "Katibu, twaondoka saa ngapi?"

Nyie mngewajibu nini?