Harufu ya Kanzu

Tangu baba akatwe kipande cha utumbo mpana kwa sababu ya saratani, mimi nimeshikwa na ugonjwa wa kuogopa namba. Kila baada ya miezi kadhaa tunapanda basi kutoka Bugembe hadi Mbale, anatolewa damu, nasi tunangoja kuambiwa kipimo cha alama ya saratani kwenye damu kimesimama wapi. Baba hungoja akisinzia. Mimi tumbo huniuma kana kwamba ndimi niliyepasuliwa.

Safari iliyopita kilikuwa kimepanda.

Daktari alieleza taratibu. Seli hupelekeana ishara, alisema: gawanyika, tulia, kufa. Kwenye saratani hii ishara ya kugawanyika hukwama, haizimiki, na protini tunayoipima huzidi kumwagika kwenye damu.

Baba, Mnubi na mtoto wa askari, akaitikia kwa kichwa. "Kama afande amesema mbele tembea, halafu yeye mwenyewe amekufa. Nani sasa atasema simama?"

Nilitamani anyamaze. Kichwani nilikuwa nimeshaanza kupanga matanga.

"Huenda imerudi," daktari akasema, "lakini yapo mengine yanayopandisha kipimo hiki. Mzee anavuta sigara?"

"Havuti," nikajibu mimi, tena kwa ukali. Huyu ndiye aliyemkataa mchumba wangu wa kwanza kwa sababu vidole vyake vilinuka sigara.

Baba akatazama viatu vyake. "Kidogo tu, daktari. Asubuhi, nyuma ya choo. Tangu mama yao amekufa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini baba yangu maradhi aliyatangaza mtaa mzima, akaficha sigara. Nilitaka kumgombeza na kumbusu mikono kwa wakati mmoja. Picha ya tumbo haikuonyesha kitu, ingawa daktari alisema uvimbe mdogo huweza kujificha. Baba akaagizwa aache kabisa, kisha damu ipimwe upya.

Tunarudi Mbale wiki ijayo. Siku hizi kabla ya kufua kanzu zake mimi huzinusa. Mwanzoni zilinuka moshi. Nilimgombeza, na moyoni nikatulia. Jana nilinusa kola, mikono, hata ndani ya mfuko. Hakuna moshi hata kidogo. Mzee ametii, na kipimo kikipanda tena hatuna cha kusingizia.