Kuonja kwa Pua

Watu wakisikia kazi yangu hucheka kwanza, halafu hunitazama macho kuona kama ni mekundu. Si mekundu. Sijawahi kuvuta hata sigara, na moshi wa mishikaki hunipa kikohozi. Lakini kila asubuhi napanda treni Ilford, mashariki ya London, nashuka Stratford, natembea mpaka kwenye maabara yenye leseni ya kutengeneza dawa za bangi, navaa koti jeupe, na mpaka jioni kazi yangu ni kunusa hashishi na kusema ni ya ladha gani na ya ukoo gani.

Ua la bangi lina vichwa vidogo vya utomvu, vidogo kuliko chembe ya chumvi. Vikikusanywa na kukandamizwa, ndiyo hashishi. Si kila bangi hufaa. Nyingine ni nzuri kwa macho lakini utomvu wake haukubali kutoka, na hata ukitoka hauna harufu ya maana. Zile zinazofaa tunazipanga kwa familia za ladha: za ndimu na machungwa, za mafuta ya taa, za kitunguu saumu na jibini, za matunda yaliyoiva mno, na zile za kale zenye asili ya milima ya Afghanistan, ambazo hunukia udongo, misonobari na ubani. Kisha tunauliza ukoo: mama yake nani, baba yake nani. Hapo ndipo raha yangu ilipo, maana watoto wa mama mmoja hawafanani. Mmoja atachukua papai la mama, mwenzake atachukua kitunguu saumu cha babu ambaye hakuna aliyemtarajia. Wanaozizalisha huzipa majina ya kipuuzi, ya keki na peremende, nami huyasahau makusudi. Mimi hukumbuka jamaa.

Baba alipofariki nilimleta mama kutoka Mombasa aje kukaa nami. Nilimwambia nafanya kazi maabara, na huo ulikuwa ukweli, ila ukweli uliofungwa kitambaa. Haukudumu. Wiki chache kabla ya Ramadhani, mwanamke mmoja alimkalia karibu msikitini akamwambia, "Mwanao yuwauza bangi." Mama alirudi akasimama mlangoni na baibui lake, hakutaka hata kuketi.

"Wafanya kazi gani hasa, wewe?"

Nilimweleza yote: wagonjwa wa maumivu yasiyoisha, madaktari wanaowaandikia, leseni, kamera, milango ya kufuli. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umeitia mdomoni?"

"Wallahi, Mama, sijaitia, wala sitaitia. Hakuna kitu cha mmea ule kitakachopita midomo yangu."

"Kusema ni rahisi, mwanangu. Mimi sijui chakula cha nyumba hii kimetoka wapi."

Tangu siku ile hakula changu. Ndugu yangu aliye Dubai alimtumia cha kununulia mihogo, unga na tende, naye akajipikia. Jikoni mwangu kukawa na sufuria mbili kwenye jiko moja, yake na yangu, na sisi wawili tumesimama bega kwa bega bila kupakuliana. Ramadhani ilipoingia ikawa mbaya zaidi. Adhana ya magharibi ikilia kwenye simu yake, tulifuturu meza moja, kila mtu na sahani yake. Niliumia. Nilikuwa na hasira pia, sitaficha, na wali wangu wa nazi niliupika vizuri kuliko kawaida ili harufu imfuate mpaka chumbani.

Ndipo ikatangazwa kazini kwamba kiongozi wa meza yetu ataondoka. Kiongozi wa meza ndiye mwenye neno la mwisho: akisema hii ni ya papai, mama huyu, baba yule, ndivyo kibandiko kitakavyoandikwa. Nilikitaka cheo hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote katika mji huu. Tulikuwa wawili tu wa kukigombea, mimi na mwenzangu mmoja, dada wa Kigujarati anayeishi Kingsbury, ambaye wazazi wake walizaliwa Kisumu.

Mkuu wetu ni Mwingereza mwembamba aliyefanya kazi ya kuonja mvinyo kabla ya kuja kwetu. Yeye huamini ulimi. Sheria haituruhusu kuvuta tunachokipima, na hakuna aliyekuwa akiomba ruhusa hiyo, lakini yapo mafuta ya harufu yanayotolewa kwenye utomvu, yasiyo na kilevi hata kidogo, na yeye hutaka anayepima aweke tone moja kwenye maji, alisukutue, kisha ateme. Aliniita akasema, kwa upole wa kweli, kwamba angeweza kuahirisha mtihani wa cheo mpaka baada ya Idi, ili nami nionje.

"Hata baada ya Idi sitaonja," nikamwambia.

"Lakini utatema. Halileweshi."

"Najua halileweshi. Niliahidi."

Mwenzangu alinifuata kwenye makabati. "Si ni tone tu, dada! It's basically ndimu. Mama yako atajuaje?"

"Hatajua. Mimi nitajua."

"Sasa mimi nitakushinda bure tu, na sitaki kukushinda hivyo."

"Wewe shinda unavyoweza," nikamwambia. "Mimi nina pua."

Sikuwa nikijigamba. Kwetu wanawake hupika Ramadhani nzima bila kuonja, na ole wake atakayeweka mchuzi mezani bila chumvi. Mama alinifundisha nikiwa mdogo: funua chungu, uache mvuke wa kwanza upite, huo ni wa maji na moto. Inama kwenye mvuke wa pili. Chumvi yenyewe haina harufu, lakini mchuzi usiokolea hunuka nyanya mbichi na kitunguu kimoja kimoja, kila kitu peke yake. Ukikolea, vyote hushikana ukashindwa kuvitenga. Hivyo ndivyo ninavyopima hata leo. Nafungua kopo, naiacha pumzi ya kwanza, naisubiri ya pili.

Mtihani ulifanywa adhuhuri, nikiwa na saumu. Mbele yetu kulikuwa na makopo meusi yenye vifuniko, kila moja na kipande cha hashishi, na pembeni yake kikombe cha maji yenye lile tone. Mwenzangu alinusa, akaonja, akatema. Vikombe vyangu nilivisukuma mpaka ukingo wa meza. Makopo ya mwanzo yaliniendea vizuri: hii ya mafuta ya taa, kayachukua kwa baba, hii ya ndimu, lakini chini kuna kitunguu saumu cha bibi. Nilifurahi mpaka nikasahau njaa.

Kisha likaja moja lenye udongo na ubani. Niliisubiri pumzi yake ya pili, nikalirudia, nikaandika: ukoo wa milimani, mama wa Afghanistan. Nilikosea. Lilikuwa papai, la mama wa papai, limekaa muda mrefu mpaka utamu wake wa juu ukaruka na udongo ukabaki. Mwenzangu alilipata.

"Ungelionja, ulimi ungekuambia," mkuu alisema. "Utamu hukaa kwenye ulimi baada ya kutoka puani."

Alisema kweli. Ningependa kuandika kwamba alikosea, lakini alisema kweli, na cheo kilikwenda Kingsbury. Nilimpa mwenzangu mkono. Kisha nikamwomba mkuu aniachie lile kopo mezani pangu kesho yake na kila siku mpaka Idi, maana kama utamu umeruka, lazima umeacha mahali pake wazi, na mimi nitapajua mahali pale kwa pua. Akasema sawa.

Nilifika nyumbani mama akiwa amekwisha kufungua kwa tende. Nilipasha wali na mchuzi wa kuku nilioupika alfajiri, nikaketi. Aliniona uso.

"Una nini?"

"Wamempa mwenzangu ukubwa. Kulikuwa na maji ya kuonja, yana tone la mmea ule. Wanasema halina kilevi, na nadhani ni kweli. Sikuonja. Kwa hilo nimeukosa."

"Walikushurutisha?"

"Hapana. Waliniambia niteme."

"Na hukuonja."

"Sikuonja, Mama."

Nilidhani ataniambia pole, au ataniambia niiache kazi, na jibu nilikuwa nalo tayari: siiachi. Akaisogeza sahani yake ya mihogo pembeni, akanyoosha mkono akavuta sinia langu katikati ya meza.

"Leo najua chakula hiki kimetoka wapi," alisema. "Nipakulie."

Nilimpakulia. Alikula kwa mkono, taratibu, bila kuinua uso, na nilipomwongeza paja la pili la kuku hakukataa. Mimi ndiye niliyeshindwa kula, kwa vile nilikuwa nikilia, naye akaniambia niache kulia, wali unapoa.