Maziwa Si Chakula

Habari ya msiba ilinikuta kwa kinyozi, sikio langu limekunjwa ili wembe upite. "Yule daktari wa mbwa ameaga," akasema mteja wa kiti cha pili. Kinyozi akauliza, "Wa mbwa peke yake?" Akajibiwa kwamba hata paka alitibu. Basi, kinyozi akashusha pumzi na kuendelea na kichwa changu. Mji wetu unaomboleza kwa vyeo, na mtu aliyesoma miaka yote ile kisha akaishia kuchungulia masikio ya mbwa, katika Eldoret hii ya ng'ombe wa gredi na wanariadha, alikuwa amejikosesha msiba wa maana. Mimi niliumia sana, maana alikuwa rafiki yangu.

Sitamvika marehemu kilemba cha ukoka. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, kwenye njia ya Huruma, na mdomo mkali kuliko dawa zake zote. Ukiingia na mbwa, alimsalimia mbwa kwanza. Ukimwambia umeshampaka oili chafu ya gari, ile dawa ya mababu zetu tangu mababu zetu walipoanza kumiliki magari, alikuuliza kama mbwa wako anatumia dizeli au petroli. Wengi waliondoka wamenuna, wakaenda kwa yule wa kona anayedunga sindano bila maswali. Mbwa aliacha kujikuna, harufu ikapotea, wenyewe wakafurahi, na mvua zilipoanza sikio likaoza upya. Wakarudi kwa sindano ile ile. Hiyo ndiyo tunaita tiba, na ndivyo tunavyoziba mashimo ya barabara pia, mgeni mheshimiwa akikaribia.

Kisa nitakachomkumbukia ni cha Ainabkoi, alikozaliwa, kwa jirani yake mfugaji. Sitaji jina la mtu, ila mbwa aliitwa Bosco, na mbwa hawezi kulishtaki gazeti hili. Bosco alikuwa mlinzi hodari, lakini masikio yalimtoka usaha, tumbo lilikuwa jekundu, na alijilamba vidole vya miguu mchana kutwa. Kila akitibiwa alipona, na kila akipona aliugua tena. Siku moja mfugaji alimleta mjini amefungwa nyuma ya pikapu, nami nilikuwepo. "Daktari, mimi nimechoka na hii mbwa. Inanuka mpaka wageni wanatoroka. Idunge ile sindano ya mwisho, ilale." Marehemu akamwangalia. "Mzee, mkwe wako akiwa na mafua unamzika?" Kisha akamweleza, kwa upole ambao sikujua anao, kwamba ndani ya sikio ni ngozi tu, kama ya tumboni, na ngozi yote ya Bosco ilikuwa ikikataa kitu fulani anachokula. Atamsafisha masikio na kumpa matone, lakini kwa wiki kadhaa Bosco ale viazi na nyama ya sungura peke yake, asionje chakula kingine chochote. Mfugaji akaapa, ila na yeye akaweka sharti lake. Masikio yakioza tena, sindano.

Ainabkoi ilicheka mpaka ikachoka. Mbwa anakula sungura, mwenyewe anakula sukuma wiki! Hata hivyo familia ilitii, na masikio yakaoza tena. Mfugaji akapiga simu kudai sindano yake. Marehemu akanipakia kwenye gari lake bovu, nadhani alitaka shahidi, tukaenda tukaketi uani. Alitaka kuona Bosco anakula nini. Ng'ombe wakakamuliwa. Mama mzazi wa mfugaji akatoka zizini na ndoo, akainama, akamimina maziwa ya moto ya ng'ombe kwenye kopo la Bosco, kama alivyofanya kila siku ya Mungu.

"Mama," marehemu akasema, "si tulikubaliana asipewe chakula kingine?"

"Na nimempa chakula gani?" mama akashangaa. "Hiyo ni maziwa."

Mfugaji akang'aka. "Daktari, unataka kuniambia maziwa ya ng'ombe wangu ni sumu?" Ee bwana! Uasin Gishu nzima inasomesha watoto kwa maziwa, na huyu anasimama katikati ya zizi kuyatukana. Mama ndiye aliyeumia zaidi. "Nimnyime maziwa, naye ananilinda? Mimi nitakuwa mtu wa aina gani?" Marehemu, yule wa mdomo mkali, akachuchumaa mbele yake. "Mama, najua unampenda. Mpende na viazi." Mama akalimwaga lile kopo. Masikio ya Bosco yalikauka, na sindano haikutajwa tena.

Tumemzika wiki jana, nyumbani kwake Ainabkoi. Lo, hotuba! Waliomwita "mganga wa mbwa" walimwita mwanasayansi, na yule wa kona alisoma wasifu wake akilia. Mheshimiwa mmoja alikuwa bado anatuomba tufuate nyayo za marehemu pale mwombolezaji mkarimu alipoinamisha kikombe chake cha chai ya maziwa amgawie mbwa aliyelala miguuni pa ajuza mmoja.

"Wewe! Usimpe hiyo!" Yule mama wa mfugaji alisimama katikati ya hema, Bosco miguuni pake. "Daktari alikataza!"

Hotuba ya mheshimiwa ikakatika. Mwombolezaji akarudisha kikombe. Mimi, niliyekuja na macho makavu na maneno ya kejeli mfukoni, nikalia bila aibu. Tukiwapenda watu na wanyama wetu, huwa tunawapa tulichozoea kutoa, si kinachowafaa, halafu wakiugua tunaita sindano. Na wafu tunawapa hotuba. Mama yule hakumsifu marehemu hata kwa neno moja. Alimtii tu, hata baada ya yeye kufa, na siku ile hakuna mwingine aliyemwombolezea hivyo.