Cheti cha Kwenda Nampula

Kutoka Nampula hadi Rumonge nilisafiri siku kumi na moja kwa malori. Mama muuza mawese aliyenipangisha chumba huko Rumonge alikuwa na kijana wake amelazwa hospitalini hukohuko Nampula nilikotoka. Daktari wa huko, aliyesoma Kireno tu, alitaka cheti chake cha zamani cha hospitali, cha Kiingereza, kitafsiriwe kwa Kireno, na mama akaniomba mimi.

Neno moja, “discharge”, lilinishinda. Liliweza kuwa kuruhusiwa kwenda nyumbani, au usaha unaotoka.

“Andika ya kurudi nyumbani,” mama alisema. “Ile ingine iko mubaya.”

“Sijui ipi ni ya kweli, mama.”

Niliandika zote mbili, tukamtumia daktari picha kwa simu. Jibu halikuja.

Siku nilipoondoka kabisa, mama alinishikia begi mlangoni akauliza Kireno nilijifunza kwa nani. Nikamwambia ukweli: sokoni Nampula, nikiuza vitunguu.