Mstari wa Sita

Mama Rangi ameandika mabango miaka ishirini na mbili, na sheria yake ni moja: mteja hasahihishwi. Ukitaka "Saluni ya Malkia" na saluni yenyewe ina kiti kimoja kibovu, shauri yako, anaandika. Kwanza kwa chaki, kisha anakusomea kwa sauti. Ukikubali ndipo anachovya brashi.

Wanawake wa mtaa walipompa ukuta wa soko, hawakutaka maua. Walitaka yaandikwe yale waliyojibiwa siku walipokwenda kushtaki. Majina hapana, maneno tu. Wakaja mmoja mmoja. "Ulivaa nini?" "Mbona hukupiga kelele?" "Mume akipiga ndiyo mapenzi." Loo! Kila mstari ulimshusha ngazini akateme mate. Rangi ya mafuta amekuwa akiinusa tangu usichana wake na haijawahi kumtia kichefuchefu, lakini uchafu huu wa midomo ya watu wazima, wenye wake na mabinti nyumbani, ulimshinda.

Wa sita alikuwa binti wa dada yake mkubwa, wa miaka kumi na tisa. Alibakwa na dereva aliyempa lifti. Kesho yake alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba barua ya kupeleka polisi, mwenyekiti akamjibu ovyo na kumfukuza. Baadaye, mbele ya familia nzima, bwana mkubwa huyo akakana kavukavu: msichana huyu hajawahi kukanyaga ofisini kwangu. Bila barua, faili halikufunguliwa. Ndugu wakaanza kumwita binti mwongo, na yule dereva, fedhuli mkubwa, mpaka leo anampigia honi akimwona.

"Haya, mama, sema. Neno kwa neno."

"Mamdogo, aliniambia, 'Lifti ya bure uliiona wapi?'"

Mama Rangi akaandika kwa chaki, akasoma kwa sauti. Binti akaitikia kwa kichwa. Mstari ukapakwa rangi nyekundu.

Asubuhi iliyofuata, soko likiwa limefurika, mwenyekiti akaja mbiombio, shati nje, jasho linamchuruzika.

"Wewe mama! Nani kakupa ruhusa ya kuandika maneno yangu?"

"Yapi, mwenyekiti? Hapo iko mistari sita, na jina lako silioni."

"Hilo la lifti! Nilimwambia ofisini, tukiwa wawili tu, leo unakuja kunianika sokoni? Futa!"

Wauza nyanya wakaacha kupima. Mwenyekiti akatazama huku na huku, akaanza kuchomekea shati.

Binti alikuwa chini, ameshika ngazi ya mama yake mdogo. Akaiachia, akamsogelea mwenyekiti.

"Kumbe nilifika ofisini kwako," akasema. "Basi naomba barua yangu."