Shavu la Eufrazia, Muuza Vitumbua wa Mbagala

Eufrazia alikuwa akikaanga vitumbua kando ya barabara ya Kilwa, huko Mbagala, mnamo mwaka 1953. Ubaya aliotendewa nauandika nikiwa na hasira, wala sitaki kuipoza.

Uvimbe ulianza mbele ya sikio la kushoto, mdogo kama punje ya kunde, bila maumivu. Ulipolijaza shavu, majirani walisema ni matubwitubwi, wakampaka masizi. Matubwitubwi gani hukaa miezi? Hakuna aliyejiuliza.

Wakatoliki wa siku hizo hawakutia chakula kinywani tangu saa sita usiku mpaka wapokee Komunyo. Padri alikuja mara moja kwa mwezi. Aliyepanga mstari wa Komunyo ni Katekista Theonest. Jumapili moja alimvuta Eufrazia kando, mbele ya watu wote.

"Mama, tema hicho kitumbua."

"Mwalimu, sina kitu. Ni uvimbe."

"Uvimbe wa mchele na sukari!"

Kanisa zima likacheka.

"Basi tia kidole uone."

"Mie nitie kidole kinywani mwa mlafi?"

Angekitia, angegusa kitu kigumu kama jiwe. Hakukitia. Eufrazia akajifungia nyumbani, khanga shavuni. Mumewe, Polikarpo, mchonga vinyago, alimsihi waende hospitali. "Nikachekwe na huko?" alijibu. Mwaka ukapita hivyo. Jicho la kushoto lilipogoma kufumbika, Polikarpo hakusihi tena. Alimshika mkono wakaenda mjini.

Daktari aliubonyeza uvimbe, akapapasa ndani ya shavu, akamwambia atabasamu. Upande mmoja haukusogea. Akakata kipande kidogo cha nyama, kikapimwa kwa hadubini.

"Ni saratani ya tezi ya mate," alisema. "Si ugonjwa tunaouona mara nyingi. Tutaukata, lakini umeshaushika mshipa wa fahamu unaosogeza uso. Mngekuja mapema, pengine ningeunusuru."

"Nitaishi?"

"Natumaini utaishi. Uso hautarudi."

Akakatwa, akapona. Mdomo ukabaki umepinda, mate yakidondoka.

Siku aliyorudi kanisani, Theonest alimpokea kwa bashasha. "Mama, simama utushuhudie Mungu alivyokuponya."

Eufrazia akasimama, akaitoa khanga shavuni.

"Mungu ameniponya kwa kisu cha daktari," alisema, akijifuta mate. "Uso huu hakuupinda yeye. Umeupinda wewe, Mwalimu, na nyie mliocheka."

Theonest akaanzisha wimbo upesi. Nao wakaitikia! Watu wazima wale, wakaimba kwa sauti kubwa ili wasimsikie.